Sura ya Sita: Sabufa ya Sebuleni au Kispika cha Mkononi

Ukiiacha Barabara ya Morogoro pale TAMCO, Kibaha, ukashika njia ya Vikawe inayokwenda kutokea Mapinga kwenye Barabara ya Bagamoyo, unapita Kata ya Pangani. Si Pangani ya Tanga, ile ya mto na mashua. Hii ni Pangani ya Kibaha Mjini, ambako mikorosho na miembe ya zamani imebaki katikati ya viwanja vipya, na nyumba hupanda kwa awamu: mwaka huu msingi, mwakani boma, bati siku Mungu akijalia. Wengi wanaojenga huku wametoka kwenye vyumba vya kupanga Dar es Salaam, na wakihamia wanakutana na kitu ambacho mjini hawakuwa nacho, yaani nafasi. Uwanja upo, kibaraza kipo, jirani yuko mbali kidogo. Muziki ambao kule ulilazimika kunong'ona ili mwenye nyumba asigonge mlango, huku unaweza kupumua.

Ndipo linakuja swali ambalo familia nyingi hulijibu harakaharaka dukani, fedha ikiwa mkononi: tuchukue sabufa, au ile spika ya bluetooth ya kubeba? Kwa sabufa nakusudia mtambo wa nyumbani tunaoufahamu sote, boksi kubwa la besi lenye amplifaya ndani, pamoja na spika zake ndogo mbili au zaidi zinazotandazwa kwa waya. Naziweka kundi hilohilo spika za mbao za mtumba na amplifaya yake, ambazo bado zinapatikana na bado zinalia vizuri.

Jibu langu nalitoa mapema. Nyumba ikishapata umeme, sebule na watu zaidi ya wawili, fedha ya kwanza ya muziki iende kwenye mtambo wa nyumbani. Kispika kije baadaye, kama kitakuja. Wako ambao jibu hili haliwafai, nao nitafika kwao, lakini kwanza nieleze kwa nini nasimama upande huu wakati kila kijana unayekutana naye kituo cha bodaboda atakwambia sabufa ni mambo ya kizamani.

Tuanze na besi, kwa kuwa ndiko ugomvi ulipo. Spika tunazotumia leo, za bei yoyote, kimsingi zinafuata mpango uliotangazwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric: koili ya waya ndani ya sumaku, imeshikizwa kwenye koni ya karatasi. Umeme ukipita, koili inasogea mbele na nyuma, koni inasukuma hewa, nawe unasikia. Sauti nyembamba haihitaji hewa nyingi, koni ndogo inatosha. Sauti nene ni habari nyingine. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la kawaida hutetema mara 41 kwa sekunde, na ili mtetemo wa namna hiyo ujaze chumba, lazima hewa nyingi isukumwe kwa kila pigo. Koni ya upana wa sentimita 4 au 5, inayoingia kwenye kopo la kushikwa kwa mkono mmoja, haina eneo la kufanya kazi hiyo.

Watengenezaji wanalijua hilo, na wamefanya kazi ya kusifika. Ukitazama pande mbili za kispika kizuri utaona viwambo viwili vinavyorukaruka muziki ukiwaka. Havina koili wala umeme. Vinasukumwa na hewa iliyofungiwa ndani, na vinasaidia kushusha sauti chini kidogo. Sikio lako nalo linasaidia. Likisikia milio ya juu inayofuatana na noti nene, huijazia yenyewe noti ambayo haikupigwa. Kwa hiyo unaamini umesikia besi. Umeisikia kwa akili, kifuani haijafika.

Na sisi watu wa Pwani, besi ni ya kifuani. Mdundiko wa Wazaramo hauchezwi kwa sababu ya maneno. Unafuatwa barabarani kwa sababu ngoma zake zinamshika mtu mwilini kabla hajaamua kama anakwenda au anabaki. Taarabu ya kisasa imejengwa juu ya gitaa la besi na kinanda. Dansi la Msondo na Sikinde ukiliondolea besi, magitaa mengine yanabaki yakiongea hewani bila sakafu. Singeli, pamoja na mwendo wake wa kukimbia, ina ngoma ya chini inayozibeba mbio hizo. Mtu aliyezoea kuusikia muziki huu kwa kispika tu hajausikia wote, na nasema hivyo bila kumdharau mwenye kispika. Nusu ya kazi ya wapigaji haimfikii.

Jambo la pili ni umbali. Nje, ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti, kila unapoongeza umbali mara mbili sauti inapungua kwa desibeli 6. Duka la Kariakoo ni finyu, kuta zake ziko karibu, na kispika kinachojaribiwa pale kwenye kaunta kinaonekana kina nguvu za ajabu. Kilete Pangani, kiweke kibarazani, kisha nenda hadi chini ya mwembe: kimebaki kinong'onezi. Hakijaharibika. Uwanja ndio umekifichua.

Hapa lazima nizungumzie wati, maana ndiko wanunuzi wanakoumizwa. Boksi la sabufa linaweza kuandikwa wati 10,000, na pembeni, kwa herufi ndogo, PMPO. Namba hiyo haielezi chochote kinachokuhusu. Ni kilele cha kubuni ambacho mtambo haukifikii hata kwa muda wa kupepesa jicho. Geuza sabufa yenyewe, soma kibati cha nyuma. Utakuta maandishi ya namna hii: AC 220–240V, 50Hz, 60W. Hiyo 60 ndiyo nguvu inayovutwa ukutani, na hakuna mtambo duniani unaotoa mfululizo zaidi ya unachopokea. Halafu ujue kwamba kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona ni ndogo. Ili usikie kana kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu hii imeandikwa 60 na ile 40. Lipa zaidi kwa boksi la mbao nzito badala ya plastiki, na kwa koni pana zaidi.

"Lakini sabufa inakula umeme." Hii nimeisikia mara nyingi mno, na inawafanya watu waamue vibaya, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Ukisikiliza kwa sauti ya kawaida ya sebuleni, sabufa ya namna hii haivuti wati zake zote. Tuseme kwa wastani inavuta 20. Saa tano kwa siku ni wati-saa 100, yaani sehemu ya kumi ya uniti moja. Mteja wa kawaida wa LUKU anayepata uniti 28 kwa shilingi 10,000 ananunua uniti moja kwa takriban shilingi 356, kodi ikiwemo. Muziki wa siku nzima basi umemgharimu shilingi 36 hivi, na mwezi mzima haufiki 1,100. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, analipa karibu theluthi ya hapo. Kula umeme kweli ni pasi, jiko la umeme na friji kuukuu. Sabufa iache. Ukitaka kubana, izime ukutani usiku, kwa sababu ile taa nyekundu inayobaki ikiwaka nayo inavuta kidogo saa 24.

Hoja ya umeme yenye uzito ni kukatika. Walioishi mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 hawahitaji kukumbushwa, na ni kweli kwamba katika miezi ile kispika kilikuwa mfalme. Tangu hapo Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limeanza kuzalisha. Mtambo wa kwanza kati ya tisa uliwashwa Februari 2024, na yote tisa kwa pamoja ina uwezo wa megawati 2,115. Umeme bado hukatika kwa nguzo, transfoma na mvua, lakini kununua mtambo wa miaka kumi kwa hofu ya mgao ule si hesabu nzuri.

Sasa kuhusu kudumu. Tazama sabufa inapofunguliwa mezani kwa fundi. Skrubu za nyuma zinatoka moja moja, bodi inavutwa pamoja na transfoma yake nzito, na mara nyingi ugonjwa unaonekana kwa macho: kapasita imevimba kichwa. Fundi anayeyusha solda kwenye miguu ya kapasita, anaichomoa, anapachika nyingine yenye namba ileile, na ule mngurumo uliokuwa ukisikika hata muziki ukiwa kimya unakwisha. Kama tatizo ni spika yenyewe, anaweka vidole viwili kwenye koni na kuisukuma taratibu, sikio karibu.

"Fundi, inakwaruza nikiongeza sauti tu."

"Koili imeungua, mama. Iache, Jumamosi upitie."

Jumamosi mama anapitia, analipa, anaondoka na kitu kilekile alichonunua miaka iliyopita. Koni inabadilishwa, koili inabadilishwa, bodi nzima ikibidi inabadilishwa, boksi la mbao linabaki.

Kispika ni kiumbe wa aina nyingine. Kimegundishwa, kimebanwa, na kukifungua bila kukipasua ni kazi yenyewe. Ndani kuna kibodi kidogo na betri ya lithiamu, teknolojia ambayo Sony walianza kuiuza mwaka 1991 na waanzilishi wake wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ni betri ya maana sana, imeibeba simu yako na yangu, lakini ina umri wa kuhesabika. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500 huwa imeanza kupoteza uwezo wake kwa namna unayoiona, na joto huiharakishia. Anayechaji kila siku huanza kuona dalili baada ya mwaka mmoja na nusu au hata kabla: kispika kilichokuwa kikilia kutwa sasa kinazima saa ya magharibi. Mafundi wanaojua hubadilisha betri, hasa zile za duara zenye namba 18650, na gharama haiwi kubwa. Tatizo ni kwamba vispika vingi vya bei rahisi haviletwi kwa fundi. Vinatupwa shimoni pamoja na betri zake, na betri ya lithiamu ikitobolewa au ikichomwa na takataka inawaka moto wa hatari. Tafadhali usiitupe kwenye taka za kuchoma.

Jambo ninalolijali kuliko yote halimo kwenye wati wala kwenye betri. Ni nani anasikiliza na nani.

Matangazo ya redio yalipoanza Tanganyika mwaka 1951, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, redio ilikuwa kitu cha kukusanyikia. Radio Tanzania ilipozaliwa mwaka 1965 hali ilikuwa bado hiyo, na serikali ikaifanya hali hiyo kuwa nguvu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, kila kikundi na redio yake na kitabu chake, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio moja, masikio mengi, kazi moja. Sitaki kuigeuza sebule iwe darasa. Nasema tu kwamba mtambo uliokaa mahali pamoja huwafanya watu wakae mahali pamoja.

Sabufa ikiwa sebuleni, baba anasikia wimbo wa mtoto na kuuliza huyu ni nani. Mtoto anasikia dansi la baba yake, mara ya kwanza analalamika, mara ya kumi anaufahamu mpigo. Alfajiri ya Ijumaa kisomo kinawafikia wote. Jumapili kwaya inawafikia wote. Mechi ya Simba na Yanga ikitangazwa, hata asiye shabiki anajua matokeo. Kuna ugomvi wa nani anashika rimoti, ndiyo, na ugomvi huo ni sehemu ya malezi.

Kispika kinamfuata mwenye simu. Yeye akienda chumbani, muziki umekwenda chumbani. Simu yake ikiita, muziki unakatika kwa kila mtu. Akiondoka na bodaboda kwenda Maili Moja, nyumba imebaki kimya ingawa kispika kiko mezani, mpaka mwingine aunganishe simu yake na atumie bando lake. Sabufa nyingi zina bluetooth pia, lakini zina redio ya FM, sehemu ya flashi na tundu la waya, hivyo bibi asiye na simu janja anaweza kubonyeza kitufe na kusikiliza taarifa ya habari peke yake. Hilo kwangu ni kubwa. Kifaa cha nyumba kiwe cha kila aliyemo nyumbani.

Ukiunganisha runinga, tumia waya. Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde, inayotosha kumfanya msomaji wa habari afumbe mdomo kabla neno halijakufikia.

Wajibu unaokuja na besi nao usemwe. Wimbi la sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na wimbi refu hivyo halizuiwi na ukuta wa tofali wala mlango. Jirani yako hasikii wimbo. Anasikia dumdumdum peke yake, jambo linalochosha kuliko kelele yenyewe. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka usiku uwe kimya zaidi ya mchana, na mwaka 2023 baraza la mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi kadhaa kwa sababu ya kelele. Nyumba ya mtu haina ruhusa ya pekee. Ikifika saa nne usiku, shusha kitufe cha besi kabla ya kushusha sauti. Liinue boksi kutoka sakafuni, liondoe kwenye kona, maana kona ya ukuta huikuza besi hata usipotaka. Na kama nyumba bado haina singibodi, ni bati na saruji tupu, sauti itarukaruka na maneno yatachanganyika. Mapazia mazito, makochi na zulia vitakusaidia kuliko kununua spika nyingine.

Walio nje ya jibu langu ni hawa. Anayelala kwenye boma akilinda saruji, umeme haujavutwa: kispika, bila kufikiri mara mbili, na kichajiwe kwa sola. Mwenye shamba anayeshinda kwenye mikorosho, mamalishe mwenye banda la kufungua na kufunga, fundi ujenzi anayehama saiti kila mwezi: kispika. Mpangaji wa chumba kimoja aliyepakana ukuta na wenzake watano anunue kispika kizuri, na wenzake watamshukuru. Kwa watu hawa tafuta chenye alama ya IPX7, inayomaanisha kinaweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila kuharibika. Masika ya Pwani itakupa sababu. Na jihadhari na majina makubwa kwa bei ndogo. JBL ni chapa ya Harman, kampuni iliyonunuliwa na Samsung mwaka 2017, na ndiyo inayoigwa zaidi mitaani. Kilichoandikwa hivyo kikauzwa kwa bei ya kuku wawili hakikutoka kwao. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayopokea malalamiko ya bidhaa bandia, na mnunuzi aliyeuziwa feki ana haki ya kulalamika.

Unapokwenda dukani, nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua hadi pumzi za mwimbaji, usikubali ule wimbo wa muuzaji uliochaguliwa kuficha kasoro. Anza kwa sauti ya chini. Mtambo mzuri unaeleweka hata ukiwa chini. Kisha pandisha hadi robo tatu, sogea hatua kadhaa, sikiliza kama sauti ya mwimbaji imebaki mbele au imemezwa. Gonga ubavu wa boksi kwa vidole: ukilia tupu kama debe, acha. Shika waya wa umeme na plagi uone kama ni mzito na kama unapata joto. Uliza bei ya koni ya akiba na nani anaiuza. Usiondoke bila risiti ya EFD na muda wa dhamana ulioandikwa kwa kalamu, pamoja na muhuri wa duka, kwa sababu bila hiyo karatasi hakuna atakayekusikiliza ukirudi.